Taka Zilizolala Ndani

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Bunia ilikuwa na amri kumi na moja. Kumi tulifundishwa kanisani. Ya kumi na moja ilitoka kwa Koko, mama mzazi wa Baba: usifagie nyumba jua likishazama, maana utaifagia baraka nje pamoja na vumbi.

Usidhani Koko alikuwa mpagani. Aliongoza maombi ya akina mama, alifunga kila Ijumaa, na mashetani aliyakemea kwa sauti iliyofika barabarani. Lakini akiona ufagio mkononi mwa mtu jioni, alishtuka kama aliyeona nyoka. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliicheka desturi hiyo, ila aliichekea uani, mbali na masikio ya mama yake.

Mambo yalichacha jioni ya kuamkia arusi ya Shangazi Riziki, dada mdogo wa Baba. Mchumba wake, Faustin, alikuwa mchimbaji wa dhahabu Mongbwalu, na pete ambayo Shangazi angemvisha kanisani ilitengenezwa kwa dhahabu aliyoichimba kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi hakutaka kuiacha sandukuni. Aliivaa kidole gumba, akakanda nayo unga wa mandazi, akanyonyoa kuku, akamenya ndizi. Giza lilipoingia akatazama kidole: kitupu.

Tukapiga magoti wote kuitafuta. Sakafu yenyewe haikuonekana kwa manyoya, maganda na vikonyo vya sombe, yale majani ya muhogo. Nikakimbia kuleta ufagio.

"Weye mutoto!" Koko akapaza sauti. "Jua ilisha kuzama. Weka ile kitu chini."

"Mama, kesho ni arusi," Baba akasema.

"Njo sababu! Unataka kufagia baraka ya dada yako leo?"

Shangazi akaanza kulia. "Kesho nitamuvalisha Faustin nini? Waya ya kinga?" Akaitazama baiskeli ya Baba iliyoegemea ukutani.

Hapo nikakumbuka somo letu la shule ya Jumapili. "Koko, ule mama wa mu Injili, mwenye alipoteza sarafu, aliwasha taa na akafagia nyumba. Kama aliwasha taa, basi ilikuwa usiku."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba nyumba za nchi ya Yesu zilikuwa na giza hata mchana, kwa kukosa madirisha. Namshukuru Mungu kwamba jioni ile hakuna mtu nyumbani kwetu aliyelijua hilo.

Koko hakubishana na Biblia hata siku moja. Aliketi, akafikiri, akaagiza iletwe. Mama yangu akamulika tochi, Baba akasoma.

"Alifagia?" Koko akauliza.

"Alifagia, Mama."

"Alitupa takataka inje?"

Baba akarudia mistari ile, kidole kikitambaa polepole chini ya maneno. Mfano huo alikuwa ameuhubiri mara nyingi kuliko mwingine wowote.

"Haisemi," akakiri.

"Basi mufagie. Lakini kutoka mulangoni kuenda ndani. Na takataka italala na siye."

Tukafagia kinyumenyume, mpaka lundo likajaa katikati ya sebule. Baba alilipekua kwa tochi, akashika hiki na kile, hata donge la unga lililokauka na kuota manyoya. Akaligeuza, akalirudisha. Hakuna pete. Kwa hasira akataka lundo lote liende kwa nguruwe wa jirani, wageni wasije wakalikuta. Koko akavuta godoro lake, akalilaza kando ya takataka kama askari kwenye kizuizi cha barabara.

"Mama, inanuka," Baba akasema.

"Hata zizi ya Bwana Yesu ilinuka. Kwenda kulala."

Asubuhi mlango ulifunguliwa, jua likaingia mpaka katikati ya sebule. Koko akaketi sakafuni, akalichambua lundo lile kama anayechambua maharagwe. Hakuwa mtu wa kutupa chakula. Alipolifikia lile donge la unga akalivunja, awape kuku. Pete ikamwangukia mapajani.

Shangazi alimrukia kwa furaha hadi kitambaa cha Koko kikadondoka kutoka kichwani.

"Mungu asifiwe," Baba akasema, akitazama pembeni.

"Asifiwe," Koko akajibu. "Sasa takataka inaweza kutoka."

Baba aliendelea kuuhubiri mfano ule, lakini tangu hapo aliongeza kwamba Maandiko hayasemi popote kuwa yule mama alitupa taka. Kila alipofika hapo, kutoka benchi la akina mama ilisikika "Amina" moja, nzito.

Leo Koko hayupo, nami nina nyumba yangu hapa hapa Bunia. Sijui kama baraka hutoka kwa ufagio, na simcheki anayeamini hivyo. Ninalojua ni kwamba jioni, nikiwa nimechoka na nimekasirika, mimi ni hakimu mbaya wa kipi ni taka. Baba alikuwa ameishika pete mkononi, akaona uchafu. Nawaza kwamba Mungu naye hutuchambua hivyo hivyo: ameketi chini, mlango wazi, hana haraka, hata donge lenye manyoya halitupi kabla ya kulivunja.

Mimi hufagia usiku. Watoto wangu hucheka wakiona taka zimelala nyuma ya mlango. Sijawahi kukuta pete. Kijiko, ndiyo, na mara moja jino la kitindamimba wangu. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuzitoa, nachuchumaa kwanza.