Mlio wa Nyuma Kushoto

Mlio ule ulianza Jumamosi moja ya kiangazi, tulipokwisha kuipita Kwale mjini, tukaiacha lami na kushika njia ya vumbi inayokwenda shambani kwa mama mkwe wangu. Ulitoka nyuma, upande wa kushoto. Ulikuwa mwembamba, wa kukwaruza, kama mlango wa kabati unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kusikiwa. Nikapunguza mwendo. Ukaendelea. Nikasimamisha gari, nikashuka na kuubamiza mlango, na mlio ukanyamaza.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonikera kama gari linalonificha jambo. Nililipiga gurudumu teke, kisha nikakumbuka nimembeba nani.

"Kuna nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Hakuna kitu, mama. Gari linalalamika tu."

"Pole," akasema, kwa sauti iliyozibwa na leso.

Uso wake sikuuona. Kwetu mama mkwe hatazamwi. Unamwamkia umeinamisha kichwa, unapisha njia, na mazungumzo yanakuwa mafupi. Siku ya kwanza nilipombeba, miaka tisa nyuma, nilikigeuza kioo cha ndani kikaelekea paani ili macho yetu yasikutane, na tangu hapo kila Jumamosi nilikigeuza vivyo hivyo. Mke wangu hufanya kazi hoteli moja huko Galu, na Jumamosi hapati nafasi, kwa hiyo kumpeleka mama kuangalia mihogo yake ilikuwa kazi yangu. Nilimchukua Mwabungo asubuhi, nikamrudisha alasiri. Nilimjua kwa sauti na kwa harufu ya asumini.

Mlio ule ulinitia hofu kwa sababu moja. Kabla ya kufika shambani kuna mteremko mkali, na kushoto kwake ni korongo tupu, hakuna hata kichaka cha kukuzuia. Gurudumu la nyuma kushoto likikutoka pale, mmekwenda. Mke wangu hakuwa na mzazi mwingine aliyebaki. Kila tulipoufikia mteremko ule nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini.

Jumapili nikaupeleka mlio wangu kwa wenzangu. Sisi wenye magari ya forwili tuna kijiwe chetu Ukunda, kwenye gereji ya fundi mmoja Mdigo, na siku nyingine tunaandikiana kwenye kundi la simu. Ni watu wa ajabu kidogo. Mwenye gari zima pale hana la kusema. Huyu amefunga bomba la kuvutia hewa mpaka juu ya paa na mto hajauvuka hata mmoja, yule amefunga winchi ambayo kazi yake ya pekee mpaka leo ni kung'oa kisiki cha mnazi nyumbani kwake.

"Buda, hizo ni bushi za springi zimeisha," akasema rafiki yangu mmoja wa bara, dereva wa watalii Diani, ambaye mdomo wake haujui likizo. "Toa zote, weka mpya, utanishukuru."

"Usimsikilize," fundi akasema. "Yeye gari lake ameliinua mpaka kushuka kwataka ngazi."

Nilibadilisha bushi. Jumamosi mlio ukawapo. Nikabadilisha shokamzoba, kisha raba za mlango, kisha beringi ya gurudumu. Mlio ulikuwapo. Jumamosi nyingine nilisimama mara tatu njiani, nikatandika gunia na kulala chini ya gari, ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni nisikilize, huku mama mkwe amekaa juu yangu, kimya. Nilipokuwa chini sikusikia chochote. Niliporudi kwenye usukani na kuondoka, hata mita mia hatujafika, ukaanza tena.

Fundi akaniketisha Jumapili iliyofuata, akanihoji.

"Ukikanyaga mafuta, wapanda?"

"Haupandi."

"Ukishika breki?"

"Haubadiliki."

"Ukiliacha gari literemke lenyewe?"

"Ule ule, kwa mwendo wake ule ule."

Akaifuta mikono kwa kitambaa, pole pole. "Bwana, mlio wa gurudumu hufuata gurudumu. Mlio wa injini hufuata injini. Huo wako wafuata nini?"

Yule wa bara akasema, "Basi ni jini. Mwambie afunge mkanda." Tukacheka, nami nikacheka zaidi ya wote.

Jumatatu fundi alikaa mwenyewe kiti cha nyuma nikamwendesha mpaka Msambweni na kurudi. Hatukusikia kitu. Jumatano nikaenda peke yangu ile njia ya shambani, saa sita mchana, jua la utosi, hakuna mtu wala ng'ombe barabarani. Nilizima redio na kufungua vioo vyote. Gari lilikuwa kimya. Nilifika kwenye mteremko, nikasimama, nikajikuta ninageuka kutazama kiti cha nyuma, ingawa pale hapakuwa na mtu. Nitasema kweli: niliogopa. Nilisoma Ayatul Kursiy nikageuza gari kwa haraka ambayo nisingependa kijiwe kiione.

Jumamosi nilimbeba mama, na mlio ukapanda nasi. Safari hii nilikuwa nimejitayarisha. Tulipoiacha lami nikaiwasha simu inase sauti, nikaiweka katikati ya viti na kuiacha kama dakika moja. Kisha nikaisogeza mdomoni, nikanong'ona, "Haya, sikilizeni wenyewe. Huu nitaunyamazisha tu, wallahi." Nikaurusha kundini.

Majibu yalimiminika siku nzima. Chesisi imepasuka. Tangi la mafuta limelegea. Popo. Mmoja akaandika kwamba ni gari linalomlilia mwenyewe wa kwanza, wengine wakampigia makofi. Fundi peke yake hakucheka. Aliandika: lete gari nilifungue lote.

Nililipeleka, na Jumamosi iliyofuata gari langu lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Yule rafiki wa bara, Mungu amlipe, akajitolea kutupeleka kwa gari lake. Mama mkwe akapanda nyuma, upande wake wa kila siku. Mimi nikakaa mbele. Kioo cha rafiki yangu hakikugeuzwa paani, maana mama hakuwa mkwe wake.

Tuliiacha lami. Yule bwana alikuwa akinieleza jinsi ya kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga, na mimi nilikuwa nikimbishia, wakati mlio ulipoanza. Nyuma, kushoto. Ndani ya gari la mtu mwingine.

Nilidhani umenifuata mimi. Rafiki yangu aliacha kusema, akakitazama kioo, na jicho halikutoka tena pale. Akalivuta gari pembeni taratibu, akazima injini. Hakushuka, wala hakuubamiza mlango. Mlio uliendelea.

Gari lilikuwa limesimama, kimya, na mlio ukawa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo cha mlango, mdomo wazi. Leso ilikuwa imemwanguka mapajani. Kila alipovuta pumzi kifua chake kilitoa mlio ule. Alikuwa amekonda mno, kuliko nilivyojua mtu anaweza kukonda akiwa bado anakwenda shambani. Viatu alikuwa amevivua. Miguu ilikuwa imevimba, inang'aa.

Akafumbua macho, akanikuta ninamtazama. Aliiwahi leso akaziba mdomo, akaizuia pumzi, na mlio ukakatika kama ulivyokuwa ukikatika kila niliposimama.

"Usiizuie, mama," nikasema. "Pumua."

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nalikuwa nakusikia ukilala chini kwenye vumbi, ukihangaika. Naliona haya kukwambia ni mimi."

Tuligeuza gari pale pale. Rafiki yangu hakufanya mzaha hata mmoja mpaka hospitalini. Daktari aliweka kipimo chake mgongoni kwa mama, akasikiliza kwa makini, akaniuliza pumzi ile imeanza lini. Nikajikuta sijui mwezi wala tarehe. Nilijua kwamba ilianza kabla ya bushi. Akasema moyo umechoka na maji yamejaa kifuani, na kwamba tungemleta mapema wangepata pa kuanzia.

Alikaa nasi majuma sita. Matangani mtu akasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikainuka nikatoka nje nisije nikamvunjia mtu heshima. Yeye alificha kwa leso. Mimi nilificha kwa kioo, na nikaiita adabu.

Mama hakupenda kupigwa picha. Hata siku ya Idi alikuwa akitugeuzia mgongo, anacheka. Arubaini ilipopita mke wangu alipekua simu zote za nyumbani, hakupata kitu, si sura wala sauti. Ndipo nilipomwambia kuhusu ule mlio niliowarushia wenzangu, kwa sababu nilikuwa siwezi tena kulala nao peke yangu.

Aliichukua simu, akakaa kitandani, akaiweka sikioni. Niliwaza kuukata ule mwisho kabla sijampa, na sikuukata. Nilimwona akifumba macho, akipumua pamoja na mama yake, kuvuta na kutoa, dakika nzima. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, ndogo, inanong'ona na kuapa kuunyamazisha.

Mke wangu akaishusha simu.

"Alikuwa nyuma wakati huo?" akauliza. "Alikusikia?"

"Alikuwapo," nikasema. "Baada ya hapo alinyamaza mpaka tukafika."