Mafuta Meusi na Nguzo za Shemeji

Donat Mwape aliendesha magari ya kampuni kwa miaka mingi bila kujua mafuta ya injini hubadilishwa lini. Usimcheke haraka. Kila baada ya muda, dereva mweusi alilifikisha gari mlangoni pa gereji, akasimama nje na wenzake kwenye kivuli cha ukuta, na makanika Mbelgiji akafanya alilofanya huko ndani. Kuingia ilikuwa marufuku. Gari lilirudi limeshiba, na dereva akakumbushwa kwa maneno makali kwamba si mali ya baba yake.

Kwa hiyo alipoacha kazi, mwaka 1955, akanunua kamyoneti kuukuu, gari dogo la mizigo lililotoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia, alikuwa dereva hodari asiyejua kulitunza gari lake mwenyewe. Hata kile kidude cha kuhesabu mwendo kilikuwa kimekufa, asijue limekwenda umbali gani. Na kuacha kazi kulikuwa kuacha nyumba ya kampuni pia. Walihamia vyumba viwili vya kupanga katika mtaa wa Komini Albert, mkewe Laurentine akiwa na masufuria kichwani na machozi mashavuni, maana aliyeondoka pale hakupokelewa tena. Injini ile ndiyo iliyokuwa mshahara wao na heshima yao. Laurentine hakulificha hilo.

"Motere ikikufa, Donat," alimwambia siku ya kwanza, "mi sitakwenda kupiga magoti ku mulango ya bazungu. Utakwenda peke yako."

Kuuliza si ujinga, basi Donat akauliza, na hapo ndipo alipopotea. Mgiriki mwenye duka la vyuma alimwambia abadilishe kila mwezi, huku mkono wake umeshafika kwenye kopo la mafuta. Chola, dereva mwenzake wa zamani, akasema mwezi ni upuuzi: vuta kijiti cha kupimia, tazama rangi, mafuta yakiwa meusi mwaga. Donat akavuta kijiti asubuhi, yakawa ya dhahabu. Akaenda kuchukua makaa na mihogo mashambani Kasungami, kuvuta tena yakawa kama chini ya sufuria. Sasa amwage kila jioni? Mzee Bwalya, aliyewahi kutia makaa kwenye tanuri la treni, alimhurumia kweli. Mafuta ni damu ya injini, alisema, na nani alimwona mtu anabadilisha damu? Ikipungua, ongeza. Donat alimsikiliza kila mmoja akaona anasema kweli, na kila alipofika nyumbani akaona wote waongo. Usingizi ulimpungua. Mezani alikuwa anashika tonge la bukari na kusahau kulipeleka mdomoni.

Aliyemsumbua kuliko wote ni shemeji yake Mukuka, kaka wa Laurentine, aliyekuwa na shamba Kasungami na alikuwa akijijengea nyumba huko. Huyu hakuwa na mwezi wala rangi. Kila walipokutana wimbo wake ulikuwa ule ule: shemeji, badilisha mafuta, usichelewe, utaua gari. Donat akamsadiki, maana alisema kwa uchungu wa ndugu. Akabadilisha mara moja, akabadilisha tena, na kila mara Mukuka alikuwapo na kopo lake tupu, akiyakinga yale machafu ili, kama alivyosema, yasichafue kiwanja cha watu.

Halafu siku moja Donat akapita uani kwa shemeji yake na kuona nguzo za nyumba mpya. Zote zimepakwa nyeusi, kuanzia ardhini hadi magotini. Kasungami ni nchi ya vichuguu, na mchwa wa huko hawaogopi mti wowote, ila mafuta ya injini wanayakimbia. Donat akasimama akizitazama nguzo zile, masikio yakawaka moto. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Huruma yote ile ilikuwa ya miti.

Alimwambia Mukuka maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake, tena mbele ya watoto. Mukuka alifunika kopo lake kwa kipande cha ubao akaingia ndani. Tangu siku hiyo Donat akaapa kwamba mafuta hayamwagwi tena kwa faida ya nyumba ya mtu. Akashika dini ya mzee Bwalya: kuongeza tu. Mvua zikaja, zikaisha, kiangazi kikaanza kutimua vumbi jekundu. Laurentine alimuuliza mara moja kama ana hakika. Alisema anayo. Hakuwa nayo hata chembe, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote.

Ikafika asubuhi aliyorudi kutoka mashambani na mzigo wa makaa, akapita mbele ya kiwanja cha Mukuka bila kusalimia, macho mbele kama askari. Alikuwa hajafika mbali injini ilipoanza kugonga, ko, ko, ko, kama mwanamke anayetwanga majani ya sombe kinuni. Akazima. Akashuka, akafungua boneti, akavuta kijiti. Kilichoshikamana nacho kilikuwa kizito kama uji ulioungua. Akakaa chini kandokando ya barabara, akauona akilini mlango wa kampuni na ule ukuta wenye kivuli.

Mukuka alimkuta hapo. Alikuja na baiskeli, nyuma amefunga makopo mawili: moja ni lile la zamani, tupu. La pili lilikuwa jipya, halijafunguliwa, ni la mafuta ya dukani. Laurentine alikuwa amemweleza, tangu kabla ya mvua kwisha, kwamba mumewe hamwagi tena. Naye akanunua, akaliweka chini ya kitanda, akaona haya kulileta. Leo alikuwa amesikia injini ikipita, kisha ikigonga. Hayo aliyasema kwa ufupi, akiwa tayari amelala chini ya gari, akitafuta kizibo.

Yale machafu yalitoka taratibu, kwa kusitasita. Walimimina mapya, wakangoja kidogo, Donat akawasha huku anamwomba Bikira Maria waziwazi. Ile ko ko ikapungua, ikapungua, ikabaki sauti ndogo ambayo haikuondoka tena katika gari lile. Lakini lilinguruma. Donat alimtazama shemeji yake, aliyekuwa akifunika kopo lake la machafu kwa ubao ule ule, akijitahidi tone lisimwagike, na kichwa kikamvurugika upya: haya yote yalikuwa kwa ajili ya nani?

"Sema kweli, shemeji," alisema. "Unafanya hivi juu yangu, ao juu ya nguzo yako?"

"Juu ya byote mbili," Mukuka alisema. "Juu ya nini unataka ikuwe kimoja tu?"

Aibu ilimpanda Donat, na pamoja nayo furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Akauliza lile alilokuwa akiliuliza mji mzima: basi, abadilishe tena lini?

"Motere, mi sijue," Mukuka akasema, akipanda baiskeli. "Lakini muchwa ikirudia ku nguzo, nitakuya kukwambia."

Katika wote aliowauliza, huyu alikuwa wa kwanza kusema hajui. Donat akakubali.