Injinia Ndunge wa Kola

Niliiba kitambulisho cha mama. Mimi ni wa kidato cha tatu, lakini kwenye mtandao wa wataalamu nilijiandika Injinia Ndunge, jina la mama, na wenye mtandao wakataka kitambulisho kuhakikisha mimi ni mtu kweli. Nikakiskani kwenye saiba, duka la intaneti mjini, halafu, kwa akili zangu za kiinjinia, nikakisahau ndani ya mashine, na ukurasa wangu wa Injinia nikauacha wazi kwenye kompyuta.

Kesho yake mimi na mama tukapanga foleni ya mbolea ya serikali mkabala na hiyo saiba. Bila kitambulisho, hupewi. Mama akapekua mkoba mpaka machozi yakamlengalenga. Ndipo kijana wa saiba akavuka barabara, kitambulisho mkononi, akiita, “Nani hapa ni Injinia Ndunge?”

Mama akanitazama, akanyoosha mkono.

“Ndio mimi, baba. Na huyu ni mfanyakazi wangu. Magunia yote atayabeba kwa kichwa mpaka nyumbani Kola.”