Mtani Aliyekuja Kuchukua Mchanga

Mtaa wetu pembeni mwa Nachingwea waliuita Pwani, na bahari iko Lindi, safari ya kutwa nzima kwenye lori ukibahatika. Jina tulipewa na vibarua wa mradi wa karanga, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Walikuja kutoka kila upande wa nchi, wakaona nyumba zetu zimejipanga kando ya mto ambao miezi mingi ya mwaka hauna maji ya kuonekana, ni mchanga mweupe tu kutoka ukingo hadi ukingo, wakacheka kwamba tuna ufuko ila bahari tumesahau kuileta. Hatukuona aibu. Mpaka leo mtu akiniuliza nimezaliwa wapi namjibu Pwani, nikamwacha akaitafute bahari mwenyewe.

Mchanga ule ndio uliotunywesha. Kiangazi kikikolea, kila nyumba ilikuwa na kisima chake mtoni, shimo refu lililochimbwa mchangani na kuzungushiwa miba ili mbuzi na nguruwe wa porini wasilichafue. Chini kabisa maji yalijikusanya polepole, nawe ulichuchumaa ukiyateka kwa kata, kidogo kidogo, ukipiga soga na jirani aliyechuchumaa katika shimo lake. Mama yangu alikuwa na kisima alichoachiwa na mama yake. Kila masika mto ulikifukia, na kila kiangazi walirudi kuchimba palepale, chini ya ukingo wenye mkwaju. Kwetu Wamwera mume ndiye huhamia kwa mke. Wangu alipohamia na jembe lake na mkeka wake, mama alimpeleka kwanza kukiona kisima, ili ajue ameoa wapi.

Basi mradi ukaingia, na mji ukaanza kuota. Watu wakisikia mtu analalamika hudhani hataki maendeleo. Mimi niliyataka. Nilipenda duka jipya, nilipenda dawa za hospitali, na siku nilipoisikia treni ikipiga honi nilifurahi kama mtoto. Mume wangu alipata kazi ya useremala huko kwenye nyumba za wakubwa na akajenga kitanda chetu kwa mabaki ya mbao zao. Nilichokuwa sitaki ni malori kupita katikati ya mtaa kana kwamba hakuna anayeishi pale. Makopa ya muhogo tuliyoanika uani yaligeuka mekundu kwa vumbi, ugali wake ukiula meno yanasaga mchanga. Kuku walikanyagwa. Barabara ilichimbika mashimo, na kila mvua iliponyesha yalijaa tope, sisi wanawake ndio tuliokwenda kuyafukia kwa vifusi, huku madereva wakitupigia honi tuwapishe.

Wanaume walikwenda kwa jumbe kupeleka malalamiko. Wakarudi wamenyoosha kanzu zao, wakasema tumeambiwa tuwe na subira. Mama aliwauliza kama subira inachotwa kwa ndoo au kwa kata. Wakaingia kula.

Halafu likaja lori la mchanga. Mji ulihitaji mchanga wa kujengea, na mchanga mzuri kuliko wote ulikuwa mlangoni kwetu. Lilishuka mtoni kwenye mteremko ule ule tuliopitia na ndoo, vibarua wakaruka na sepetu zao wakaanza kupakia. Siku ya kwanza walichota karibu na kisima cha jirani yetu, mjane mmoja mwenye watoto wadogo. Kesho yake kisima kile kilikuwa kidimbwi cha tope, na keshokutwa kilikuwa tope bila kidimbwi. Mchanga ndio mtungi uliotutunzia maji. Ukiuondoa, jua linayanywa lote. Mjane akahamia kuteka kwetu. Mama alimkaribisha, lakini nilimwona anavyotazama umbali uliobaki kati ya sepetu zile na ukingo wenye mkwaju. Niliogopa, nasema kweli. Bila kisima kile tungelazimika kuhama, na mama hakuwa mtu wa kuhama.

Siku lori liliporudi, mama alikuwa amekaa juu ya ndoo yake katikati ya njia. Dereva akafunga breki, injini ikazimika, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, nipishe, niko kazini!"

"Na mimi niko kazini," mama akasema. "Wewe mtu wa wapi, unayejua kupiga kelele hivyo?"

"Songea. Mimi Mngoni."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi pia nikacheka, kwa sababu nilijua tumeshapona. Wangoni ni watani zetu. Mababu zao waliwavamia mababu zetu, wakapigana, na vita vilipokwisha kikabaki kicheko, na katika kicheko hicho mtu anaweza kukutukana, akakunyang'anya kofia, akala chakula chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejivunjia heshima mwenyewe.

Mama aliinuka taratibu, akaenda mbele ya lori, akachomoa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini ili iwake, akarudi akakikalia.

"Wangoni mlikuja kwa babu zetu kuiba mbuzi," akapaza sauti mtaa wote usikie. "Mbuzi wamekwisha, leo mmerudi kuiba mchanga!"

Dereva akashuka. Alikuwa kijana wa makamo yangu, mrefu, na uso wake ulikuwa unapigana na kicheko. "Tungewaiba na nyinyi," akasema, "ila mlikimbia mno, tukachoka kuwafukuza. Nipe hendeli, mke wangu."

"Mke wako nani? Mimi siolewi na mwizi. Jikomboe."

Wanawake walikwishatoka majumbani, wengine na michi mikononi, wanapiga vigelegele. Vibarua juu ya lori walikuwa watu wa makabila mengine, hawakujua wacheke au wakimbie. Mmoja alitaka kushuka kumnyang'anya mama chuma kile, dereva akamkemea akae chini, akamwambia haya si mambo yake.

"Haya, nijikomboe kwa nini? Kuku? Kitambaa?"

Hapo mama akaacha kucheka. Akamwonyesha kisima cha mjane, kisha akamwonyesha chake.

"Sitaki kuku. Mchanga uchukue kule chini kwenye kona ya mto, visima vyetu vinakoishia. Na ukipita mtaani kwetu, pita kama mtu anayepita mlangoni kwa wakwe."

Dereva akaenda kukagua kwa miguu. Aliporudi alisema kule mchanga upo, ila njia hakuna, lori litazama. Mama akamjibu kwamba njia atapewa, akamrudishia hendeli. Jioni ile na kesho yake mtaa mzima ulikuwa porini na mapanga, hata wale wanaume wa subira. Tulifyeka, tukang'oa visiki, tukatandika mabua ya mtama na matawi juu ya mchanga ili magurudumu yapate pa kukanyaga. Msimamizi wa dereva alikuja kuangalia, akaona mchanga ni mzuri na njia imetengenezwa bila yeye kutoa kibarua hata mmoja, akaridhika. Hakuna aliyemweleza habari za hendeli.

Tangu siku hiyo lori lilipita kwetu polepole. Likifika usawa wa nyumba yetu lilipiga honi, na mama, hata kama alikuwa anaswali, akimaliza tu alitoka kumtukana. Dereva naye alimjibu. Njia ya konani tuliitunza wenyewe kila baada ya mvua, na visima vyetu vikabaki na maji.

Mradi wenyewe, kama ijulikanavyo, haukudumu. Matrekta yakanyamaza, vibarua wakarudi kwao, nyumba kadhaa za mji zikabaki kuta bila paa. Dereva wetu alibaki. Alipata lori la mfanyabiashara mmoja, akawa anakusanya ufuta na korosho kutoka Ruponda na Kilimarondo, na bado alipiga honi.

Mama alifariki mwishoni mwa kiangazi kimoja, baada ya kuugua kwa wiki nyingi. Maiti ilioshwa, ikasaliwa, wanaume wakabeba jeneza wakatoka uani. Hawakufika mbali. Lori lilikuwa limesimama limeziba barabara, na dereva amelala chini mbele ya magurudumu, mikono kifuani.

"Hapiti," akasema. "Alinizuia, na mimi namzuia. Mjikomboe."

Hiyo ndiyo haki ya mtani msibani, wote tuliijua. Mjomba akaagiza kuku aletwe. Dereva akatikisa kichwa. Mume wangu akatoa kofia yake mpya, dereva akaikataa vilevile.

"Nataka maji ya kisima chake."

Nilikasirika, nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Kisima kile hakikuguswa tangu mama alipolala kitandani, maji tulichotewa na majirani ili nisimwache peke yake, na kiangazi kilikuwa kikali. Nilichukua kata yake nikashuka mtoni. Miba ilikuwa imeanguka, mchanga umeporomoka, chini ni pakavu. Nikaingia nikachimba kwa mikono, nguo zangu za msiba zikichafuka, na moyoni namwambia mama usiniaibishe leo mbele ya Mngoni. Mchanga ukawa wa baridi, kisha ukawa na unyevu. Nikangoja. Maji yakaanza kujikusanya, kwa mwendo wake uleule wa siku zote, hayana habari kwamba watu wamesimama na jeneza begani.

Nilipompa kata, dereva aliketi, akasema bismillah, akanywa yote. Akaipindua nione haikubaki tone. Kisha akapangusa macho kwa mkono wa shati, akachukua hendeli, akawasha lori na kulisogeza pembeni kabisa, na mama akapita.