Chumba Kinachotazama Bahari

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa sauti ya ofisi. Jengo lilikuwa na ghorofa saba, na mimi nilikaa katika kichumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi, mbele ya mashine ya simu yenye taa ndogo ndogo nyekundu. Taa ikiwaka, kuna mtu anasubiri. Nilisema habari za asubuhi, nilisema subiri kidogo usikate, nilisema mkurugenzi yuko kwenye kikao lakini atakupigia mwenyewe, na nilijua fika kwamba mkurugenzi hayuko kwenye kikao chochote wala hatampigia mtu. Watu waliweka simu chini wameridhika. Walisema sauti yangu ina asali. Kazi ile humzoesha mtu kutoa maneno matamu na kuyasahau kabla taa haijazimika, na mimi niliizoea kupita kiasi.

Nayasema haya mapema isije ikaonekana baadaye kwamba najitetea. Sina cha kujitetea.

Ofisini waliniita Bahari. Nilizaliwa katika mji mdogo wa pwani, kwenye nyumba yenye chumba cha mbele, chumba cha nyuma, ukumbi mwembamba katikati na jiko la kuni uani. Mama alipofariki alituachia sisi wawili, mimi chumba cha mbele kinachotazama bahari, mdogo wangu cha nyuma. Mimi nilishaondoka nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilirudi kumzika mama, nikarudi kwenye harusi ya mdogo wangu, basi. Yaliyobaki niliyafanya kwa simu.

Kila Ijumaa saa ya chakula, laini zikiwa zimetulia, nilimpigia. Nilikuwa na wasikilizaji wangu. Wasichana wa uhasibu walikuja na vyombo vyao vya chakula wakasimama mlangoni, dereva wa mkurugenzi akaegemea ukuta, na hata tarishi, mzee mkavu asiyecheka na mtu, akajifanya anatafuta bahasha.

"Chumba changu kipo?" niliuliza.

"Kipo, dada."

"Kitanda kiko chini ya dirisha? Usimweke mtu humo. Nikistaafu tu nakuja kukaa hapo, nahesabu mawimbi mpaka nichoke."

Kisha nilimwagiza abadilishe mapazia, mwaka huu ya buluu, mwaka ujao meupe, na kwenye kabati langu asipange kitu. Nikishaweka mkonga wa simu chini nilianza kuwasimulia wale wa mlangoni. Jinsi nguo zinazoanikwa uani zinavyokauka na chumvi. Jinsi mama alivyokung'uta mchanga kwenye mashuka kila jioni, akitulaumu sisi wakati ni yeye aliyetutuma ufukweni. Na asubuhi, jua likipiga majini, mwanga unavyoingia dirishani na kucheza juu ya dari, ukilala chali unaona dari nzima inatembea. Wasichana waliguna kwa wivu. Niliwakaribisha wote waje kunitembelea, mmoja mmoja na kwa jina. Nadhani nilishalikaribisha jengo zima.

Ukweli ni kwamba sikuwa na nia ya kurudi. Miaka kumi na tano kabla ya kustaafu nilinunua kiwanja nje kidogo ya jiji, mbali kabisa na maji ya aina yoyote, nikajenga, nikapanda mipapai, nikahamia na mwanangu na mkewe. Nina kikundi changu cha akina mama, nina jirani wa kugombana naye kuhusu uzio. Hewa ya chumvi hunitoa vipele. Mdogo wangu alipouliza mara moja kuhusu ile nyumba, nilimwambia ni ya mwanangu, mimi nimepanda mipapai tu, nikageuza maneno upesi. Kustaafu pwani kulikuwa hadithi nzuri ya Ijumaa, na ilinifanya niwe mtu fulani katika kichumba kisicho na dirisha.

Siku ya kuniaga walinipa kofia pana ya ukindu na kiti cha kukunja cha kukalia ufukweni. Mkurugenzi alitoa hotuba kuhusu mawimbi. Nilicheka na kupiga makofi, lakini uso uliniwaka, maana wale watu waliniamini kwa moyo mweupe. Nikaamua niende siku tano tu, nisalimie, nimweleze mdogo wangu taratibu kwamba mipango imebadilika. Nilimpigia nikasema nimestaafu, nakuja Jumatano. Sikuongeza neno. Akasema, haya, dada.

Basi liliposimama nilimwona shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Yeye ni kinyozi, na siku hiyo alikuwa amefunga duka lake, akavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Pembeni yake alisimama mtu na mkokoteni mtupu, mkubwa, wa kubebea kabati na magodoro. Mimi nikashuka na begi moja na kiti cha kukunja.

"Shemeji, mizigo mingine iko nyuma?" akaniuliza.

"Inakuja," nikasema. Sauti ikatoka na asali yake yote.

Tukapita barabara nzima hivyo, mkokoteni unabeba begi moja na kiti kimoja, watu wanatoka milangoni kunisalimu, karibu nyumbani, umerudi kwenu, na shemeji anawajibu kwa niaba yangu kwamba mizigo iko njiani. Nilitembea nyuma nikitamani ardhi ipasuke inimeze na kofia yangu.

Mdogo wangu alinipokea, akanishika mkono, akanipeleka moja kwa moja chumba cha mbele. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha. Shuka zilikuwa mpya, zina mikunjo ya dukani bado. Kabati lilikuwa tupu, linanuka dawa ya nondo. Mapazia yalikuwa meupe kwa sababu mwaka huu niliagiza meupe. Ukuta haukuwa na alama hata moja, wala ya kidole cha mtoto. Nikasema pazuri, na kweli palikuwa pazuri.

Ndipo nikaenda chumba cha nyuma kuweka zawadi, nikasimama mlangoni nisiingie. Ukuta mmoja wa chumba hicho ni ukuta wa jiko, na ulikuwa mweusi kwa moshi mpaka juu. Kitanda cha mdogo wangu na mumewe kilibanwa kwenye kona, na katikati palivutwa kamba yenye kanga kuukuu. Upande wa pili wa kanga ndiko walikokulia watoto wao watatu, na walipozidi kimo wakamwagikia ukumbini. Nyuma yangu mdogo wangu alianza kukohoa. Ni kikohozi kikavu, kinakwaruza, kinaanza tena pale unapodhani kimekwisha. Nilikijua. Nilikuwa nimekisikia kila Ijumaa kwa miaka, na kila Ijumaa nilimwambia laini mbovu, sogea karibu na simu. Mimi, opereta wa miaka thelathini na moja, niliyejisifu kwamba naweza kutambua hitilafu ya laini kwa sikio moja.

Asubuhi nilifumbua macho na dari ilikuwa inatembea. Mwanga ulicheza vilevile nilivyosimulia, sikuwa nimeongeza chumvi. Nilivuta shuka mpaka usoni nisiuone. Haya iliyonishika sikuwahi kuijua, hata siku niliyovunja chungu cha mama nikamsingizia mdogo wangu, akapigwa yeye.

Siku hiyo ya Alhamisi alikuja binti yao mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, kunisalimu. Alinizungusha nyumba yake ya utoto akicheka. Ukumbini alisimama, akagonga sakafu kwa kisigino.

"Mama mkubwa, mkeka wangu ulikuwa hapa. Mtihani wa mwisho nimeusomea hapa, na kila anayekwenda chooni ananiruka kichwa."

Nikamuuliza kwa nini hakusomea chumba cha mbele. Alinitazama kama ninayemtania. Akasema hata alipougua tetekuwanga, mama yao alikataa wasiingie, kwamba kile ni chumba cha mama mkubwa na anakuja wakati wowote. Alisema bila kinyongo, na afadhali angekuwa nacho.

Ijumaa saa ya chakula, saa ileile, mdogo wangu alikuwa ukumbini anakunja nguo. Mara nne alikuwa ameshaulizwa na majirani mizigo imefika wapi, na mara nne amejibu inakuja, kwa kuwa mimi ndivyo nilivyosema. Uongo wangu sasa ulikuwa unatoka kinywani mwake. Nikaketi chini, nikashika upande wa pili wa shuka aliyokuwa akiikunja.

"Hakuna mizigo," nikamwambia. "Sikai. Sikuwahi kukusudia kurudi. Yale yote ya kwenye simu yalikuwa maneno tu."

Aliendelea kukunja. Akapatanisha pembe na pembe, akalaza shuka juu ya zingine, akaipiga kwa kiganja.

"Nilijua," akasema. "Tangu ulipojenga. Mtu hapandi mipapai kwenye nyumba ya mwanawe."

Nilimuuliza, nusu kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujifichia, kwamba kama alijua, kwa nini miaka yote hiyo amelala kwenye moshi, watoto wamelala njiani, na chumba kizima kimekaa kitupu.

Akakohoa kwanza. Nikangoja mpaka amalize.

"Kila ukipiga ulikuwa unauliza chumba, dada. Hukuwahi kuuliza kitu kingine. Nikaona nikikitumia, siku moja utauliza nikose jibu, na hutapiga tena."

Mimi ni mtu niliyelipwa kwa maneno. Nilitafuta kichwani Ijumaa hata moja, moja tu, niliyomuuliza kuhusu mtihani wa binti, kuhusu tetekuwanga, kuhusu yeye mwenyewe. Nilikumbuka mapazia. Nililia pale juu ya nguo safi, naye akazisogeza kando zisilowe, akaniacha nilie.

Mchana huohuo nikamwambia wahamie chumba cha mbele. Akakataa, akasema chumba ni changu, mama ndivyo alivyogawa. Nikainuka nikaanza kufungua kitanda changu mwenyewe, nikaumia kidole, na shemeji alipoona sitanii akafunga duka akaja na bisibisi. Tukabeba kitanda chao mpaka mbele, tukakilaza chini ya dirisha. Kile changu tukakiweka nyuma, nikalala huko siku mbili zilizobaki, na nikarudi jijini nakohoa. Mkokoteni haukuitwa. Kofia na kiti niliviacha ukumbini, pale palipokuwa na mkeka. Majirani niliwaambia mwenyewe, mlango kwa mlango, kwamba sikurudi kukaa, kwamba nilisema uongo. Wengine waliniambia si neno. Mmoja alifunga mlango, na alikuwa na haki.

Ijumaa iliyofuata niliketi kitandani kwangu na simu yangu mkononi. Hapakuwa na wasichana wa uhasibu, hapakuwa na dereva. Saa ya chakula ikafika, ikaanza kupita. Niliogopa. Mazungumzo yetu yote yalijengwa juu ya chumba, na chumba nilikuwa nimekiondoa. Mwishowe nikapiga, akapokea, tukasalimiana.

"Kifua chako kilianza lini?" nikauliza.

Akakohoa, na safari hii sikumwambia laini mbovu. Kisha akaniambia nisubiri kidogo. Nilimsikia akiweka simu chini, akiburuta kiti, akifunga mlango. Aliporudi alianza kunieleza tangu mwanzo, tangu mwaka aliozaliwa binti mkubwa, na mimi sikukata.