Mawese Kwenye Magurudumu

Ninyi vijana mtakaosoma daftari hili, najua mtatafuta kwanza mahali pa kucheka. Papo, mtapaona. Lakini siku yenyewe mimi sikucheka. Kaeni vizuri msome. Shule sikuisoma sana. Kuandika nilifundishwa na katekista, na Kiswahili nilikiokota kambini Kigoma, kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo ninaandika kama ninavyosema, na ninasema lililotokea.

Ilikuwa 2018, tunakaa Dallas, Marekani, mtaa wa Vickery Meadow, ghorofa ya pili. Tulikuwa watu watatu: mimi, binti yangu wa mwisho, na mtoto wake wa kike wa miaka kumi na minne. Binti yangu alifanya kazi hospitalini usiku, kuwageuza wagonjwa na kuwaosha. Mchana alilala. Huko kazini wanawake wenzake wakamwingiza kwenye mambo ya baiskeli. Si baiskeli ya kubebea kitu. Haina keria, haina kengele, tairi zake nyembamba kama kidole. Niliinyanyua kwa mkono mmoja nikamwambia dukani wamemwibia, chuma kingine kimebaki huko.

Kila Jumamosi walizunguka ziwa. Hilo sikulikataza. Halafu siku moja akanikalisha chini. Mwenzao mmoja ameumia goti, nafasi yake ya safari imebaki, na wamempa yeye. Wanakwenda Italia, mashambani, siku sita.

"Kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kuendesha baiskeli, Mama."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi."

"Yaani unapanda ndege kwenda kuchoka."

"Ndiyo, Mama."

"Hapa Dallas kuchoka kumekwisha?"

Akacheka. Mimi nimevuka mipaka mitatu maishani, na yote nimevuka nikikimbia. Mtu kuvuka mpaka kwa kucheza, hilo sikulijua. Yeye alikuwa na pasipoti mpya ya mwaka mmoja, anaionyesha kama mtoto anavyoonyesha jino lililong'oka. Mimi naitazama nawaza, je, wakimzuia huko? Je, wakisema karatasi haitoshi?

Lakini hofu kubwa haikuwa karatasi. Ilikuwa mteremko.

Babu yenu, marehemu mume wangu, alibeba ndizi kwa baiskeli kule kwetu Burundi, kutoka milimani mpaka mjini chini. Baiskeli yake haikuwa na breki. Nani alikuwa na breki? Alivaa ndala za tairi la gari, na kwenye mteremko alibana gurudumu la nyuma kwa wayo. Njia nzima ilinuka mpira unaoungua. Siku moja kamba ya ndala ilikatika. Wakaniletea mtu kwenye machela, mguu umegeuka upande. Alipona, lakini mpaka anakufa alitembea akiuburuta. Kwa hiyo mtu akiniambia mteremko, mimi nasikia ile machela ikigongagonga mlango wangu.

Na binti yangu mteremko angejifunzia wapi? Dallas kilima chake ni daraja la barabara kuu. Walikwenda Houston kufanya mazoezi kwa kaka yake mkubwa, huko ndiko bure kabisa, nchi imelala kama meza. Basi wakamshauri anunue kichuma cha kushikilia gurudumu la nyuma. Baiskeli inasimama sebuleni, unakanyaga, huendi popote, na kwenye televisheni inapita barabara yenyewe ya Italia, iliyopigwa picha na mtu aliyeipita.

Ndivyo nilivyoijua Italia. Kila jioni kabla hajakwenda kazini yeye anakanyaga, mimi nimekaa nyuma yake nachagua maharage. Barabara inaanzia kwenye uwanja wa kijiji, inapita katikati ya mizabibu iliyopangwa mistari, inageuka nyeupe, vumbi tupu, halafu inapanda. Inapanda sana. Miti myembamba imesimama pembeni kama mishumaa ya altare. Juu kabisa kuna kijiji cha mawe, watu wanakunywa kahawa nje. Ukikipita, kuna kijumba kidogo cha Bikira Maria kando ya barabara, chenye maua. Hapo nilikuwa najipiga ishara ya msalaba kila jioni, kwa sababu baada ya hapo barabara inaanguka. Kona nne. Ya tatu ina ukuta wa mawe upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu.

"Hapo utafanyaje?" nilimuuliza kila jioni.

"Nitashika breki, Mama."

"Zikikataa?"

"Hazikatai."

"Nipigie picha ya yule Bikira," nikamwambia. Akaahidi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Ndege yao iliondokea Houston, na gari la wenzake lingempitia saa kumi jioni. Asubuhi alirudi kutoka kazini, akala, akalala. Baiskeli imeegemea ukuta, boksi lake la kusafiria liko wazi, tayari kufungwa. Nikaitazama. Nikaona mtoto wangu anakwenda milimani na chombo kikavu. Mume wangu hakutoka hata siku moja bila kuipaka baiskeli yake mawese, chuma chote, kwa sababu ya mvua na kutu. Na mpakaji nilikuwa mimi. Ndiyo ilikuwa kazi ya mke alfajiri: maji ya kuoga, uji, na mafuta ya baiskeli.

Nikachukua chupa yangu ya mawese jikoni. Nikapasha kidogo yakayeyuka. Nikapaka cheni. Nikapaka spoku, moja moja. Nikapaka ule mduara wa chuma unaoshika tairi, rimu, pande zote mbili, magurudumu yote mawili, nikiwa nasali rozari. Halafu nikafuta kwa kitambaa kikavu asije akachafua nguo. Ikang'aa, mwenyewe nikaridhika. Sikumwamsha. Alipoamka alikuwa na haraka, akafunga boksi, akanibusu, akaenda.

Siku mbili zikapita. Alipiga simu akasema wamefika, kesho yake baada ya chakula cha mchana wanaanza na ile barabara ya televisheni. Mchana wao ni asubuhi yetu.

Asubuhi hiyo nilitoka nje kwenye ngazi kukung'uta mkeka. Jirani yetu wa chini, Mkongomani anayefanya kazi ghala la mizigo na kutengeneza baiskeli za wenzake pale ngazini, alikuwa amepindua moja kichwa chini.

"Mama, binti ameshafika kwa Baba Mtakatifu?"

"Ameshafika. Leo anapanda milima."

"Amekuacha na hofu."

"Hofu ninayo. Lakini nimemtoa vizuri. Baiskeli nimeipaka mawese yote."

Akacheka. "Mawese? Mama, hiyo baiskeli unataka kuikaanga?" Kisha akaacha kucheka. "Ulipakala fasi gani?"

"Kila mahali. Cheni, spoku, na hapa." Nikaigusa rimu ya ile aliyoipindua.

Akalizungusha gurudumu kwa nguvu, likalia mvumo, akabonyeza breki. Viraba viwili vikabana rimu, pale pale nilipogusa kwa kidole. Gurudumu likasimama.

"Mama," akasema polepole, "breki yake inashika hapa."

Mkeka uliniponyoka. Mimi niliyeishi na baiskeli miaka ishirini sikuwahi kujua breki inashika wapi, kwa sababu ya kwetu ilikuwa mguuni.

Nikapanda ngazi. Mjukuu alikuwa anafunga viatu vya shule. Nikamwambia, "Mpigie mama yako."

"Bibi, yuko barabarani. Simu iko mgongoni, hasikii."

"Mpigie."

"Kuna nini?"

Hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo. Sikumwambia. Nikasema nataka kumsalimia tu.

"Bibi, wewe hujawahi kutaka kumsalimia mtu."

Akapiga. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Mimi natazama saa ya ukutani, nahesabu. Wameondoka saa nane yao, ni saa moja yetu. Sasa saa mbili kasoro. Yuko kwenye mizabibu, au ameshaingia kwenye lile vumbi jeupe. Anapanda. Akiwa anapanda hahitaji breki. Hatajua lolote mpaka juu.

"Weka ile barabara kwenye televisheni," nikamwambia.

"Bibi, basi la shule linapita."

"Lipite."

Akaiweka. Nikamwambia aisogeze mpaka palipolingana na saa. Barabara ikapanda mbele yetu, haina mtu juu yake, na mimi namwona mwanangu juu yake. Nikakaa. Yule mtoto alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akapiga magoti mbele yangu.

"Bibi. Niambie."

Nikamwambia. Maneno yalikuwa machache, mafuta, rimu, breki. Alisimama akasema kitu kwa Kiingereza, kirefu, kikali, na sikuomba anitafsirie. Nilikistahili. Halafu akakimbilia friji. Pale mama yake alikuwa amebandika karatasi yenye namba ya mkuu wa msafara wao, ya kupigwa kukiwa na hatari. Mimi hatari nilikuwa nayo tangu ngazini, na nimeikalia kwa dakika kumi kwa sababu ya aibu. Dakika kumi. Kwenye ile barabara dakika kumi ni kutoka kahawani mpaka ukutani.

Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili sauti ya mwanamke ikaitikia, nyuma yake vikombe vinagongana. Mtoto akaongea mbio. Nilishika neno moja tu, la mafuta. Kisha akasikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Anasemaje?"

"Wako kijijini juu. Wanakunywa kahawa."

"Mama yako yupo hapo?"

"Ametangulia. Ameondoka sasa hivi na mwenzake mmoja."

Kwenye televisheni kile kijumba cha Bikira Maria kilikuwa kinakuja. Maua yake yale yale. Sikuweza kujipiga ishara ya msalaba, mkono ulikataa. Barabara ikaanguka. Kona ya kwanza. Ya pili. Nikamwambia mtoto azime, hakunisikia, alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili anapiga na kupiga. Ukuta wa mawe ukatokea. Nilifumba macho. Nilisikia ile machela mlangoni, gong'o, gong'o, mpaka nikageuka kuitazama. Alikuwa jirani yetu, amepanda kuuliza, anaogopa kuingia.

Ile barabara ikafika mwisho wake, televisheni ikawa nyeusi. Mkuu wa msafara alikuwa amesema gari lao la mizigo linamfuata. Sijui tulikaa muda gani. Mimi katika muda ule nilimzika. Nilifikiria nani atausafirisha mwili, na nitamwambia nini mtoto huyu akiwa mtu mzima na kuniuliza mama yake alikufaje.

Simu ikalia. Mtoto akaipokea, akapiga ukelele mmoja, akanipa.

"Mama," binti yangu akasema, anahema. "Baiskeli yangu inanukia kama maharage yako."

Nikaikandamiza simu sikioni.

Akanieleza. Alipofika kwa yule Bikira alitaka kusimama kunipigia picha niliyoomba. Akabonyeza breki, gurudumu likaendelea. Akabonyeza kwa nguvu zote, likaendelea. Pale mteremko ulikuwa bado mdogo. Akaigeuza baiskeli kwenye majani, ikaenda na yeye mpaka kwenye mizabibu, wakaanguka pamoja. Kiwiko kimechubuka, nguo imechanika. Alipoinuka akanusa mkono wake.

"Angekuwa mtu mwingine asingejua ni nini," akasema. "Mimi nilijua."

Mtasema ni Bikira Maria. Semeni. Mimi ninajua tu kwamba mafuta niliyapaka mimi.

"Mama, ni wewe?"

Nitawaambia ukweli, ulimi ulitaka kukataa. Ulitaka kusema labda chupa ilimwagika. Mjukuu alikuwa ananitazama, na jirani mlangoni ananitazama.

"Ni mimi."

Nikasikia upepo wa huko.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala."

Aliwashwa moto wa hasira, nilimsikia akipumua, lakini hakunitukana. Alisema wanaosha magurudumu kwa sabuni ya vyombo kwenye nyumba ya mkulima, na leo atashuka kwa miguu, anaisukuma. Nikamwambia ashuke kwa miguu siku zote sita. Akasema hapana, Mama. Na kweli siku tano zilizobaki aliendesha, na mimi siku tano hizo sikula kitu kilichopikwa kwa mawese.

Aliporudi, kabla hajafungua boksi, niliwasimamisha wote wawili sebuleni, yeye na bandeji yake ya kiwiko, na mtoto wake. Nikasimama na mimi, maana amri ilikuwa yangu pia. Nikawaambia: Katika nyumba hii, mtu akitaka kumfanyia mwenzake jambo jema, amwamshe kwanza amwambie. Hata kama ametoka kazini. Hata kama aliyelala ni mimi. Mwamsheni.