Kidole yangu na ile hita ya Makenke

Leo nimejifukuza kazi mie mwenyewe.

Munajua nilikuwa napasha maji ya kuoga kwa mama moja wa karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Kuni, sufuria kubwa, moshi mu macho.
Kisha bakanunua hita ya umeme. Kazi ikakufa.

Leo asubui mama ananipigia simu: "Baba Furaha, kuja mbio! Hita imekufa, maji ni baridi kabisa!"

Wandugu, nilifurahi. Nikamupigia mutoto wangu Furaha, anabaki kule Juru, nikamuambia kazi imerudi, tutakula. Tangu mama yake afe, ni mie tu.

Nikapasha maji na kuni kando ya dirisha ya bafu. Bote mu nyumba bakaoga.
Mama akasema: "Kila siku utakuja."
Akanipa kitambaa nipanguse ukuta wa bafu, moshi yangu ilikuwa imeuchafua.

Napangusa, kidole ikagusa swichi.
Ka-taa kadogo kekundu kakawaka juu ya hita.

Kumbe mutu aliizimaka tu!

Mama akapiga vigelegele. "Eeeh, Yesu asifiwe! Baba Furaha, kumbe wewe ni fundi!"
Maji ikaanza kutoka ya moto.
"Asante sana. Kesho usisumbuke kuja."

Nimemupigia tena Furaha. Nikamueleza yote.
Akaniuliza: "Papa, sasa juu ya nini haukuizima tena?"

Nimekaa chini hapa kando ya barabara, sina hamu ya kurudi nyumbani.

Semeni ukweli. Nyie mungeizima?